Chumba Ambacho Mimi Mwenyewe Siingii

Baba yangu alizaliwa Gisaka, upande wa mashariki, mahali ambapo mtu akisimama mlimani anauona mto Akagera ukipinda kwenye mafunjo. Mama yangu alizaliwa Bugesera, kwenye nchi kavu, katika nyumba iliyokuwa na ng'ombe wachache na watoto wengi. Majina yao ninayo, na wewe mjukuu wangu unayo kwa sababu nimekufundisha. Watakaosoma haya, majina hayo hayawahusu, basi usiyaandike. Mimi nilizaliwa ng'ambo ya mto, upande wa Ngara, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, na huko ndiko nilikojifunza Kiswahili hiki ninachokusemesha. Shuleni nilikuwa nikipita kwa nje tu, nikiwa nyuma ya ndama. Sikuingia. Kwa hiyo kaa wima, shika kalamu vizuri, uandike kama ninavyosema. Usinirembee.

Ninataka kueleza namna baba yako, sajini wa jeshi, alivyoshtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, namna kitu kilichochukuliwa ndani ya nyumba hii kilivyotakiwa kumfunga, na namna tulivyokataa. Watu wa Gisozi, mtaa wetu huu wa Kigali, wanaisimulia habari hii kila mmoja kwa jinsi yake. Seremala mmoja wa pale Agakiriro, penye karakana, aliniambia mimi mwenyewe, bila kunijua, kwamba mama wa yule sajini aliwafukuza askari kwa mchi. Sikumfukuza mtu. Niliwapa maziwa. Shida yote ilitokana na maziwa hayo, na hapo ndipo tutakapoanzia.

Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, ile ya mwisho wa mwezi, ambapo kila nyumba hutoa mtu kwa kazi ya pamoja. Asubuhi tulizibua mtaro ulio chini ya barabara, na baada ya kazi watu walikaa palepale kwa mkutano. Mimi niliomba ruhusa kwa sababu ya goti, nikapanda nyumbani peke yangu. Baba yako alikuwa kambini, akiendesha malori yao kama kawaida. Mama yako alikuwa Ndera kwa dada yake aliyejifungua, na wewe alikuchukua.

Sijakaa vizuri, nikasikia hodi. Vijana wawili. Mashati safi, viatu safi, siku ambayo mtaa mzima ulikuwa na tope hadi magotini. Mkubwa wao alivua kofia.

"Mama, tunafanya kazi na sajini. Tulikuwa tunapita, tukasema haifai kupita bila kumsalimu mama."

Nikawaambia karibuni, nikawapa viti. Sikuwauliza wametumwa na nani wala wanatafuta nini. Andika hilo kwa sababu niliulizwa sana baadaye, na wengine waliniuliza wakicheka. Kwetu mgeni haulizwi shughuli yake kabla hajanywa. Anakaa, anapewa, anakunywa, mnaulizana habari za watu na za mvua, na kama ana jambo atalisema mwenyewe. Anayemhoji mgeni mlangoni amemwambia kwamba anamdhania ubaya. Hivyo ndivyo nilivyolelewa ng'ambo, katika nyumba ambayo haikuwa na kitu ila adabu yake, na hivyo ndivyo nilivyomlea baba yako.

Mtindi uliokuwapo nyumbani ulikuwa umebaki kidogo tu ndani ya jagi. Sikuweza kuwapa watu mabaki. Nikachukua jagi, nikawaacha wameketi, nikateremka hadi duka la maziwa lililo karibu na karakana za maseremala. Goti likanichelewesha. Niliporudi niliwakuta wameketi vilevile, mmoja akiitazama picha ya harusi ya baba yako iliyo ukutani. Nikawamiminia. Wakanywa, wakaomba tena.

"Mama, haya maziwa si ya dukani," alisema yule mdogo.

"Ni ya dukani, mwanangu. Ng'ombe wa Kigali wanaishi ndani ya friji."

Wakacheka sana. Nilipenda kicheko chao, na hilo pia nililisema mahakamani. Walipoaga niliwasindikiza, maana mgeni haachiwi kuondoka kama mtu aliyefukuzwa. Nilikwenda nao hadi kwenye kona ya barabara. Mkutano wa umuganda ulikuwa unamalizika. Mkuu wa mudugudu, huyu mwenye kusimamia kitongoji chetu, alikuwa amesimama pale na jembe begani. Alinisalimu, akawasalimu na wao, wakampa mkono.

Kesho yake mama yako alirudi. Aliingia chumbani kwake akatoka upesi.

"Mama, kuna mtu aliyeingia humu?"

"Nani aingie?"

"Sanduku la mume wangu liko wazi. Simu yake ile ya zamani haimo."

Tukadhani ni wezi. Nilikasirika kwa ajili ya wezi siku nzima. Kisha ikaja habari kwamba baba yako amekamatwa kambini. Alipohojiwa waliiweka simu hiyo mezani, mbele yake, kama wali uliokwisha kuiva. Hapo nikajua nilikuwa nimemsindikiza nani.

Shtaka lilikuwa hili. Betri za malori ya jeshi zilikuwa zimepotea, na ilisemekana ziliuzwa kwa mfanyabiashara wa vipuri vilivyotumika, pale Gatsata penye magereji. Mfanyabiashara huyo alikiri kwamba alinunua betri kwa mwanamume mwenye sare, lakini hakuweza kumtaja wala kumtambua. Kilichobaki kumfikisha baba yako kwenye betri hizo kilikuwa ile simu na ujumbe uliokuwa ndani yake. Wakili alinieleza bila kuzunguka: simu ikikubaliwa, mwanao anafungwa miaka, simu ikiondolewa, hawana la kumfunga. Basi ujue tulichokuwa tukikipigania. Ilikuwa miaka ya baba yako.

Nilikwenda kumwona mahabusu. Alikuwa amekonda, na sare imemlegea. Tulipopewa nafasi ya kuongea alisogea karibu.

"Mama, nataka nikuambie ukweli kuhusu zile betri."

"Nyamaza."

"Mama, ni haki yako kujua."

"Nikijua, wataniuliza. Wakiniuliza, nitajibu. Unanifahamu. Sasa chagua, unataka mama anayejua au unataka shahidi?"

Akaniuliza habari za goti langu. Nikamjibu kwamba goti ni zima, ingawa halikuwa zima. Huo ndio uongo pekee nilioutoa katika jambo hili lote, na sikuutoa mahakamani.

Watu wakaanza kunijia na ushauri. Wa kwanza alikuwa mdogo wake babu yako, shemeji yangu, ambaye ana biashara mjini na anaamini kila kitu kina njia ya mkato. Alikaa kwenye kiti kilekile alichokalia yule kijana mkubwa. Nikampa chai.

"Shemeji, mambo ni rahisi," alisema. "Utasema walikusukuma. Walivunja mlango, wewe ukapiga kelele. Kesi imekwisha."

"Mlango haujavunjwa. Umeupita sasa hivi."

"Utasema ulitengenezwa. Maseremala wamejaa hapo chini!"

"Na kelele? Katika mtaa huu nani amewahi kunisikia nikipiga kelele? Niliwazaa watoto wangu wote bila jirani kujua. Leo nipige kelele kwa ajili ya vijana wawili wanaokunywa mtindi?"

"Shemeji, huyu ni mwanao! Unataka afungwe kwa sababu ya heshima yako?"

"Ninataka atoke bila kuibeba aibu yangu. Kama wao wameingia kwa uongo, na mimi nimtoe kwa uongo, tutakuwa tumetofautiana nini, rangi ya nguo?"

Aliondoka amekasirika, akaacha chai nusu. Nilimsindikiza hadi kwenye kona. Sikumsindikiza kwa upendo siku hiyo, nilimsindikiza kwa ukaidi. Nilitaka barabara nzima ione kwamba sijabadilisha chochote.

Wakili wetu alikuwa binti aliyekulia Uganda. Kinyarwanda chake kilichanganyika na Kiingereza, na kila alipokosa neno aligonga meza kwa kidole mpaka lije. Nilimpenda kwa sababu hakunibembeleza. Aliketi hapa nyumbani akanieleza sheria inavyotaka: anayepekua nyumba awe na kibali, mtu wa utawala wa mtaa awepo, na kila kinachochukuliwa kiandikwe palepale mbele ya mwenye nyumba.

"Hawakufanya hata kimoja," alisema. "Lakini watasema hawakuhitaji, kwa sababu wewe ulikubali. Mama, ulipowaambia karibu, uliwaambia nini hasa?"

"Karibuni. Ketini."

"Hukuwaambia wasiende mahali fulani?"

"Binti yangu, unamwambia mgeni asiingie vyumbani? Hivi kwenu mnawaambia?"

Akacheka, akaandika. Kisha akauliza simu ilikuwa imewekwa wapi ndani ya chumba. Nikamwambia sijui. Sanduku lilikaa upande gani, chini ya kitanda au juu ya kabati? Nikamwambia sijui. Akainua kichwa.

"Mama, nyumba ni yako. Unakosaje kujua?"

"Chumba hicho siingii."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipompa mwanangu alipooa. Mama hapiti mlango wa chumba anacholala mwanawe na mkewe. Bati lilipovuja mvua ya juzi, nilisimama hapa sebuleni nikamwita mkwe wangu, nikamwambia weka beseni. Sikuchungulia."

Aliweka kalamu chini. Aligonga meza kwa kidole, lakini safari hii hakuwa akitafuta neno. Aliniomba nirudie, nikarudia. Aliniuliza kama majirani wanajua, nikamwambia hakuna asiyejua, maana kila mmoja wao anafanya hivyohivyo nyumbani kwake. Ndipo akasema, polepole, kwamba mtu hawezi kutoa ruhusa ya kuingia mahali ambapo yeye mwenyewe hana ruhusa ya kuingia. Mimi nilikuwa nimeliishi jambo hilo maisha yangu yote kama adabu. Yeye ndiye aliyeliona kuwa hoja, na hiyo ndiyo kazi aliyoisomea.

Siku ya kusikilizwa pingamizi letu dhidi ya ile simu nilivaa mshanana wangu, vazi letu la heshima, nikafunga kichwa, nikapanda pikipiki. Mahakamani majaji walikuwa watatu, wote ndani ya sare, na aliyeongoza alikuwa kanali mwenye miwani na sauti ya chini. Baba yako alisimama bila mkanda wala kofia. Nilimtazama mara moja tu, kisha nikaelekeza macho mbele, kwa sababu nilikuwa na kazi.

Aliitwa kwanza yule kijana mkubwa. Safari hii alikuwa na sare na vyeo begani. Alisema kwamba walikaribishwa vizuri, wakiwa katika uchunguzi, na kwamba mama mwenye nyumba hakuwa na kinyongo nao. Wakili wetu akainuka.

"Ulimwambia wewe ni nani?"

"Nilimwambia ninafanya kazi na sajini."

"Unafanya naye kazi?"

"Sote tuko jeshini."

Askari waliokaa nyuma walicheka, kanali akawatazama, wakaacha.

"Kibali cha upekuzi kilikuwa wapi?"

"Jambo lilikuwa la haraka."

"Mlikuwa na haraka, mkanywa maziwa mara mbili? Mkuu wa mudugudu ulimwona?"

"Ndiyo, nilimsalimu."

"Ulipokuwa unampa mkono, simu ilikuwa wapi?"

Kijana alitazama chini. "Mfukoni."

Mtu ambaye sheria ilitaka ashuhudie alikuwa hatua chache kutoka kwenye nyumba, ameshikwa mkono, na kitu kimefichwa nguoni mbele yake. Nadhani hata wasiotupenda walilielewa hilo.

Mwendesha mashtaka alikuwa kapteni, mtu hodari, na sitamdharau hapa. Hoja yake ya kwanza ilikuwa kwamba askari si kama raia. Alisema kitanda cha askari hukaguliwa saa yoyote, sanduku lake hufunguliwa na mkubwa wake, naye alikubali hayo siku alipokula kiapo. Wakili akajibu kwamba kambini ni kweli, na kwamba hakuna aliyelalamika kuhusu kambini. "Lakini Gisozi si kambi," alisema. "Kitanda kile kinalaliwa na mwanamke ambaye hajala kiapo chochote cha jeshi." Kanali aliandika kitu.

Kisha nikaitwa mimi. Niliongea Kinyarwanda, lugha ya mahakama, na nakugeuzia kwa Kiswahili kadiri niwezavyo. Kapteni alinianza kwa heshima, akiniita mukecuru, yaani bibi mzee.

"Mukecuru, uliwakaribisha vijana hawa?"

"Niliwakaribisha."

"Kuna aliyekulazimisha?"

"Hakuna."

"Uliwapa maziwa?"

"Nikawaongezea."

"Na ukawasindikiza hadi barabarani?"

"Hadi kwenye kona."

Nilimsikia shemeji yangu nyuma akivuta pumzi, kwa kuwa kila jibu lilikuwa kama tofali ninalompa kapteni ajengee. Lakini sikuwa nimekwenda pale kuficha kwamba nilikuwa na adabu.

"Basi walikuwa nyumbani kwako kwa ridhaa yako," alisema kapteni.

"Walikuwa sebuleni kwangu kwa ridhaa yangu."

"Nyumba ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Basi mwenye nyumba aliridhia."

"Afande, chumba walichoingia, mimi mwenyewe siingii. Ni cha mwanangu na mkewe. Tangu siku walipofunga ndoa sijakanyaga ndani yake, hata kwa moto, hata kwa mvua. Ningewezaje kuwapa njia ambayo mimi sina? Wewe una mke?"

"Mukecuru, mimi ndiye ninayeuliza."

"Mama yako huingia chumbani kwenu?"

Nyuma walicheka tena, na safari hii jaji mmoja alishika mdomo. Uso wa kapteni ulijibu, maana na yeye ni mtoto wa watu. Kanali akaniambia kwa sauti yake ya chini:

"Mama, hapa unajibu, huulizi."

"Nimejibu, Afande. Nimemaliza."

"Hujamaliza. Mimi nina swali." Alivua miwani. "Kama vijana hawa wangekuambia ni nani, na wanatafuta nini, na wakakuonyesha kibali, ungefanya nini?"

Hilo ndilo swali ambalo wakili hakuwa ameniandaa kwalo. Nilijua lina mtego, ingawa sikujua uko upande gani. Nilijua pia jibu langu, kwa sababu sikuwa na jibu jingine.

"Ningewafungulia. Ningewapa viti. Ningemwita mkuu wa mudugudu, naye alikuwa pale chini, angenisikia kwa sauti ya kawaida. Ningemsubiri mkwe wangu atoke Ndera afungue chumba chake mwenyewe. Wangetafuta, nasi tukitazama. Sikuwanyima kitu, Afande. Hawakuomba. Walichukua kwangu kwa hila kile ambacho ningewaachia wakichukue kwa sheria, na sasa wananitaka niseme kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Sitasema."

Kapteni aliinuka haraka sana.

"Mheshimiwa, shahidi amesema mwenyewe! Simu ingepatikana vyovyote vile. Kosa la njia halikubadilisha kitu."

Niligeuka nikamwona baba yako amefumba macho. Nilidhani nimemfunga kwa mdomo wangu, na hata katika dhana hiyo sikulijutia neno lenyewe. Liliniuma tu. Wakili akainuka bila haraka.

"Mahakama haijaletewa simu iliyopatikana kwa kibali," alisema. "Imeletewa hii. Upekuzi ambao ungeweza kufanyika haukufanyika, na hakuna anayeweza kutuletea ushahidi kutoka kwenye siku ambayo haikuwapo. Kama ilikuwa rahisi kiasi hicho kufuata sheria, kama mama huyu angewafungulia na kuwapa viti, basi ubaya wa kutoifuata umezidi. Haukupungua."

Kanali alisema watatoa uamuzi siku nyingine. Tulirudi nyumbani. Shemeji alinifuata hadi nje.

"Ungesema usingewafungulia," alisema. "Neno moja tu!"

"Lingekuwa neno la mtu mwingine, shemeji. Mimi nilikuwa na langu."

Kipindi cha kungoja kilikuwa kirefu. Watu waliokuwa wakija kwangu walipungua, wengine wakiogopa, wengine wakiona aibu kwa niaba yangu. Kila aliyefika nilimpa cha kunywa, na nilikaa kwenye kiti changu nikingoja aseme alichojia. Mama yako aliniuliza kama sasa nisianze kuwauliza watu mlangoni. Nikamwambia kwamba vijana wawili hawatanifundisha mimi namna ya kupokea wageni. Walikuwa wamechukua simu, na adabu ya nyumba hii sikutaka waichukue pia.

Uamuzi ulisomwa kanali akiwa amekaa wima, bila kumtazama mtu. Ulisema kwamba kukaribishwa sebuleni si ruhusa ya kupekua nyumba, na kwamba karibu iliyopatikana kwa kuficha wewe ni nani na unataka nini haihesabiki kuwa ridhaa. Ulisema mwenye nyumba hawezi kutoa chumba ambacho maisha ya nyumba hiyo yamekitoa mikononi mwake. Na ulisema askari akiwa nyumbani kwake, nje ya kambi, ana mlango kama watu wengine wote. Simu na kila kilichokuwa ndani yake vikaondolewa kwenye kesi. Maneno yangu, yale ya "hawakuomba", yalisomwa humo kama nilivyoyasema.

Kesi yenyewe iliendelea, na mfanyabiashara wa Gatsata akaletwa. Alimtazama baba yako, akawatazama askari wengine, akakuna kidevu.

"Wakivaa kofia wote ni sura moja," alisema.

Baba yako akaachiwa.

Jumapili iliyofuata, tulipotoka misani, mama mmoja ambaye tumekaa naye benchi moja miaka yote alinisogelea akitabasamu. "Kumbe sheria ina mianya," alisema. "Mwanao kapita."

"Mwanya waliupitia wao," nikamwambia, "siku ile walipoingia chumbani kwa mwanangu. Sisi tumepita mlangoni, mchana, mbele ya majaji watatu. Nawe ulikuwapo barabarani nilipowasindikiza, ukawapungia mkono."

Siku hizi haketi karibu nami. Benchi limekuwa pana, nalifurahia.

Sasa nifike mahali ambapo umekuwa ukiniangalia tangu tuanze kuandika. Unataka kujua kama baba yako aliuza zile betri. Nimeiona kalamu ikisita kila nilipotaja Gatsata.

Siku aliyorudi aliketi sebuleni, akanywa. Kisha akasema, "Mama, sasa hakuna wa kukuuliza." Nikamwambia aseme. Akasema, nikamsikiliza hadi mwisho, na yaliyopasa kusemwa kati ya mama na mwanawe yakasemwa. Baadaye mkataba wake wa jeshi ulipokwisha hakuomba mwingine. Anaendesha lori la mchanga, kama unavyomwona.

Alichoniambia hutakiandika, kwa sababu sikuambii. Waliotaka kukijua walikuwa na njia ya kukijua, njia nyeupe ya mchana, yenye viti na mashahidi, nao wakaiacha. Sitawapa mimi kwenye daftari lako kile walichoshindwa kukipata kwa haki. Kama hakuna kitu, wataendelea kutokipata. Kama kipo, vilevile. Anayesoma na kukasirika kwa hilo, hasira yake aipeleke kwa waliokuja na viatu safi siku ya umuganda.

Basi sikiliza cha kutunza. Nakala ya uamuzi iweke pamoja na hati ya kiwanja, kwa sababu vyote viwili vinasema jambo moja kuhusu nyumba hii. Usiiazimishe. Anayeitaka aisome hapa. Tunza majibu yangu yote kwa kapteni, usiondoe hata lile la kuwaongezea maziwa, maana ukiliondoa utanifanya mama wa mchi anayesimuliwa na seremala. Lile nililomjibu kanali, "ningewafungulia", litunze kuliko mengine. Shemeji atakapokuja kusoma atakuambia ulifute, kwa kuwa lilikaribia kutuponza. Yeye ni babu yako mdogo, utamheshimu, utampa chai, na hutalifuta. Baba yako usimuulize. Akikuambia mwenyewe siku moja, hilo litunze kifuani, si kwenye karatasi, na wala usije kuniambia kama linafanana na nililoambiwa mimi.